Mtoto Niliyemtungia Shairi

Nilikuwa kasisi wa bonde moja la Westmorland, kaskazini mwa Uingereza, miaka ile ya vita na Wafaransa, na nilijiona mshairi. Waumini wangu walikuwa wafugaji wa kondoo, na utani wao kwangu ulikuwa mmoja tu: "Bonde zima tunachunga, asiyejua kuchunga ni Mchungaji." Nilicheka nao. Kondoo walikuwa kazi yao. Mimi kazi yangu, nilivyodhani, ilikuwa kuona kondoo ana maana gani.

Aprili moja theluji ilirudi wakati kondoo wanazaa. Nilipanda mlimani asubuhi na daftari langu, nikitafuta shairi la Pasaka. Kwenye zizi la mawe la akina Birkett nikamkuta Tamar, binti yao wa miaka kumi na mmoja, amekaa chini, amepakata mwana-kondoo aliyemfunika kwa shali yake. Jua lilikuwa limetoboa wingu. Alivyoinamisha kichwa, na weupe ule pande zote, nilimwona Bikira Maria mwenyewe. Nikafungua daftari palepale, nyuma ya ukuta.

Akaniona.

"Mchungaji! Njoo unishikie huyu mama yake, tafadhali. Kuna mwingine amekwama tumboni."

Nilimsikia vizuri. Kondoo jike alikuwa amelala nyuma yake, anahema kwa shida. Nikajibu, "Nakuja, Tamar. Kaa hivyohivyo kidogo, usigeuze kichwa."

Naye, kwa kuwa alifundishwa kumtii kasisi, akakaa.

Nilimaliza beti mbili. Wingu lilipofunga nikainua macho, nikaona ameshapiga magoti, mkono wote uko ndani ya kondoo hadi kiwiko, anavuta peke yake huku akimbembeleza yule mnyama kwa sauti ndogo. Theluji ilikuwa na damu. Nadhani nilisema, "Mungu akusaidie." Kisha nikashuka haraka, maana ubeti wa tatu ulikuwa unanijia na niliogopa kuupoteza.

Siku ya Pasaka nilisoma shairi hilo mimbarani. Mwana-kondoo alikuwa Kristo, theluji ilikuwa neema, na mtoto alikuwa roho ya binadamu kabla ya dhambi. Mistari hii miwili ndiyo niliyojivunia zaidi:

*Amempakata Bwana wake, wala hajui,*
*kwa moyo ambao kifo hakijaugusa.*

Bibi Penrose, tajiri wa bonde letu, alifuta machozi, akaniahidi atalipeleka kwenye gazeti.

Mlangoni, watu wakiwa wanatoka, nilimwona Tamar na mama yake, Agnes. Nikamshika kidevu mbele ya wote. "Haya, umelipenda shairi lako?"

Akafikiri kwanza. "Ni zuri, Mchungaji. Ila yule niliyempakata alikuwa ameshakufa. Nilimfunika ili mama yake asimwone. Halafu na yule wa tumboni akafa, na mama yao."



"Na kifo nakijua," akaongeza, bila ukali wowote. "Baba si ulimzika wewe?"

Nilimzika mimi, Novemba iliyopita tu. Mtoto huyuhuyu alisimama ukingoni mwa kaburi, kiatu chake karibu na changu, nami nilikuwa nimesahau.

Agnes akamvuta. "Hebu nyamaza! Msamehe, Mchungaji. Ameniambia ulipita mapema, kabla yule wa pili hajakwama. Ungekuwepo ungemsaidia, hilo najua."

Nilimtazama Tamar. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa amenidanganyia kwa mama yake, na sikuwa nimemwomba.

Nami nikasema, "Ndiyo. Nilipita mapema."

Gazeti lilichapa shairi. Zikaja barua za pongezi, nyingine kutoka mbali, na kila moja ilinifanya nitamani kujificha. Chakula kilinishinda. Nikikutana na Agnes njiani alinisalimu kwa heshima, mimi nikijifanya naangalia milima. Jumapili ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikapanda mimbarani, nikaungama yote: mtoto alivyoniita, nilivyomwambia akae, nilivyomwacha, na uongo tuliousema, wake na wangu. Nilitoka kanisani nikiwa mwepesi. Hata nilijisifu kidogo moyoni, kwamba si makasisi wengi wangethubutu.

Jumatatu nikaenda kwa Agnes kumwomba radhi. Hakunikaribisha ndani.

"Nimemchapa," alisema. "Mume wangu aliniachia neno moja, kwamba mtoto huyu asikue mwongo. Baada ya kanisa zima kusikia ningefanyaje? Kondoo wanakufa kila mwaka, Mchungaji, hilo nisingekulaumu sana. Lakini umenifanya nimchape mwanangu kwa kosa la kukuonea huruma."

Tamar alikuwa nyuma ya nyumba, anafua sufi kwenye kijito, mikono imekuwa myekundu kwa baridi. Nikapiga magoti kando yake, nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha.

"Nilisema vile ili mama asikuchukie," alisema. "Tangu baba afe, watu anaowapenda wamebaki wachache." Akakamua sufi, akaiweka juu ya jiwe. "Ulitaka kutubu, si ungekuja kwa mama? Mimi ulinitaja kanisani kwa nini?"

 Nilitaja jina lake kwa sababu bila yeye hadithi yangu ya toba isingekuwa nzuri. Hilo nililijua hapohapo, magoti yakiloa, na nikashindwa kulitamka.

"Nisamehe, Tamar."

"Sawa," akasema, bila kuniangalia.

Nilimwandikia mhariri asilichape tena shairi lile. Akajibu kwa adabu kwamba wasomaji wanalipenda mno. Msimu uliofuata nilikwenda kwa akina Birkett kila asubuhi ya kuzalisha kondoo, na Agnes akaniruhusu, kwa kuwa mikono ilihitajika. Tamar alinielekeza kwa maneno machache: shika hapa, vuta sasa, acha. Alinifundisha vizuri. Alikuwa na adabu kwangu hadi alipoolewa bonde la pili, na katika miaka yote ile hakuniambia tena jambo lolote lililokuwa moyoni mwake.