Kimya cha Mara ya Pili

Tangu asubuhi fundi cherehani hakutulia hata kidogo. Alikaa kitandani, akasimama. Akachungulia dirishani, akarudi. Akashika pindo la nguo yake mpya, akalifumua, akalishona tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu kana kwamba pedali ya cherehani iko pale chini.

"Hebu kaa, mwanangu, unanizungusha kichwa," shangazi yake alisema. "Wakija kukuuliza, wewe inamisha uso, nyamaza. Kimya ndiyo idhini. Ndivyo tulivyolelewa."

Nyamaza! Ndivyo alivyoambiwa na siku ile ya kwanza, akiwa bado msichana, akanyamaza kweli, na kimya kile kikamtia mikononi mwa mwanamume ambaye hata talaka aliitoa kwa simu. Eda ilipoisha alifungua kibanda chake cha kushona, akapumua. Leo kaka yake, ambaye ndiye walii wake wa kumwoza, kamletea muuza magodoro. Mtu mzima, msafi, swala hazimpiti. Ila keshasema mapema kwamba mke wake hatashonea watu, kibanda kifungwe. Fundi alimwambia kaka yake hataki. Kaka akacheka: "Mtalaka naye anachagua?" Loo! Kama vile yeye ni kipande cha kitambaa kilichobaki.

Sebuleni maongezi yakakatika. Sheikh akaja mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya pazia na mashahidi wawili, mmoja wao mume wa shangazi.

"Binti yangu, kaka yako anataka kukuoza kwa huyu bwana. Umeridhia?"

Alikuwa amejiandaa, wallahi. Tangu jana alikuwa akilirudia jibu lake. Lakini macho ya wanawake waliojaa chumbani yakamganda usoni, na jibu likampotea. Shangazi, na haraka zake, akapiga vigelegele, chumba kizima kikamwitikia.

Basi, nimejimaliza tena, fundi aliwaza.

"Hebu nyamazeni huko!" Sheikh alisema. "Nani kawaambia mshangilie? Kimya ni idhini ya mwari. Aliyekwisha kuolewa husema kwa ulimi wake mwenyewe, la sivyo sifungishi ndoa hapa."

"Ana haya tu, Sheikh," kaka akadakia.

"Sijakuuliza wewe."

Mguu wa fundi ukatulia.

"Sikuridhia," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Simtaki. Na kibanda changu sifungi."

Kaka akafoka. Akataja aibu, akataja wageni, akamtaja marehemu baba. Sheikh akamwacha mpaka pumzi zikamwishia, kisha akasema hakuna ndoa, chakula kipo, watu wale, kisha waende zao.

Fundi alijaa furaha na hofu kwa pamoja. Akamgeukia shangazi yake, hajui kama atamkumbatia au atagombana naye. Shangazi alikuwa kasimama palepale, kiganja bado kiko mdomoni. Naye alikuwa mtalaka alipoolewa na huyu mumewe wa sasa. Nyumba nzima ilijua.

"Sheikh," aliita kupitia pazia, polepole, "na mimi je? Mara ya pili nilinyamaza vilevile. Nilikuwa nalia."

 Upande wa pili wa pazia, mumewe akakohoa, akauliza kama chai iko tayari.