Kifuniko cha Shaba cha Chumba cha Tatu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni soksi zake. Moja ya kijivu, nyingine ya bluu, na kwenye ile ya bluu kidole gumba kilichungulia. Alikuwa amevua viatu kwa sababu vimelowa. Kazi yangu mlangoni mwa makumbusho ni kugawa viatu vya sufu ambavyo mgeni huvaa juu ya vyake, sakafu ya mbao isikwaruzwe. Nikamtafutia jozi nzito.

"Asante, dada," akasema.

Pale kazini huwa hawaniiti dada. Wananiita "wewe".

Walikuwa wanafunzi saba. Walikuja kwa treni ya bei rahisi kuliko zote, ile inayosimama kila kituo, wakala mkate na vitunguu uani kwetu. Huyu wa soksi aliitwa Traian. Mwalimu wake alimtaka aandike juu ya chombo kimoja cha makumbusho yetu, na alikuwa na siku hiyo tu.

Bi Veturia, mwongozaji wetu, aliwapeleka chumba cha tatu. Nikafuata na kitambaa changu cha vumbi.

"Hili ni bakuli la ubatizo, la shaba," alisema. "Tundu hili la chini lilitoa maji ya baraka mtoto akishabatizwa. Aliyelitengeneza hajulikani."

Traian aliinama, akatazama, akaanza kucheka.

"Samahani, mama. Mmekigeuza juu chini. Hiki ni kifuniko cha mtambo wa pombe ya matunda ya plamu! Babu yangu anacho. Hapo kwenye tundu panaingia bomba la mvuke."

"Kumbe ulibatizwa kwa pombe!" akadakia mwenzake, Ruxandra. "Ndiyo maana kijijini kwenu wote mnayumba!"

Wakaangua kicheko. Shingo ya Bi Veturia ikawa nyekundu.

"Kijana, mimi niko hapa miaka ishirini na sita. Wewe umefika leo, hata soksi zako hazijuani."

"Sawa, mama, kigeuzeni tu tuone."

"Usiguse!" Hakuwa amegusa. "Toka nje! Na hapa huandiki chochote."

Traian akanigeukia. "Dada, wewe ndiye unayekipangusa. Chini yake kuna nini?"

Nilijua. Kila Jumatatu nakiinua. Sehemu iliyolalia meza ina nukta tatu na mwezi mwembamba, vimegongwa kwa msumari. Alama hiyohiyo iko kwenye ndoo ya bibi yangu. Babu alikuwa mfua shaba, na hiyo ndiyo alama yake. Askari walimnyang'anya vyombo vyote mwaka ule walipolikataza kabila letu kuhamahama na mahema. Bibi hajaacha kusimulia, na kila akimaliza huuliza kama yupo atakayejua kwamba mume wake aliwahi kushika nyundo.

"Unamuuliza huyo?" Bi Veturia akasema. "Huyo hata darasa la nne hakumaliza. Atajua nini?"

Wote wakanitazama. Nikatazama sakafu.

"Sijui," nikasema.

Traian aliondoka peke yake. Alirudisha vile viatu vya sufu, akavipanga vizuri, akavaa vyake vilivyolowa. Safari hii hakusema asante. Nilimwona dirishani akivuka uwanja kwenye mvua, daftari tupu kwapani.

Nilisugua kioo cha kabati mpaka kitambaa kikachanika. Nilimchukia Bi Veturia na maji yake ya baraka. Nilimchukia mwalimu wangu wa utotoni aliyenikalisha karibu na mlango, nyuma ya wote, mpaka siku moja nikatoka na asiulize nimekwenda wapi. Lakini wao walifanya walichozoea kufanya. Mimi niliulizwa kwa adabu, mara moja, na mtu aliyeniita dada.

Jumatatu nilikigeuza kifuniko, nikakisimamisha inavyotakiwa, alama ikawatazama wageni. Jumanne Bi Veturia akakirudisha. Jumatatu iliyofuata nikakigeuza tena, akakirudisha tena. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Hadi leo tunagombana hivyo, bila maneno, na kibao kilicho kando yake bado kinasema aliyekitengeneza hajulikani.

Basi sikiliza, Traian, popote ulipo: ulisema kweli. Ni kifuniko. Kilifuliwa na babu yangu mzaa mama, Burcea, mwana wa Lisandru. Anajulikana. Mimi namjua, na siku ile nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako.