Matanga ya Mtu Aliye Hai

Ngumi ya kwanza ilimkuta Clement mlangoni, kikombe cha chai mkononi, bado akisema, "Karibu, yaya Ezekiel," yaani kaka.

Ya pili ikamng'oa jino. Ezekiel alikuwa akipiga deki ngazi za jengo lile la Laurel, Amerika, tangu alfajiri, na maishani mwake hakuwahi kumpiga mtu. Mtoto wa mpishi hampigi mtoto wa bwana. Leo alipiga, na mkono ukamnogea.

"Nimempigia simu dada yangu Honorata huko nyumbani asubuhi hii," alisema, akamkaba koo. "Mdogo wangu Dunstan amekufa vitani. Na kwenu Bukavu wanakulilia wewe!"

Clement alijua kwa nini. Vita vilipoanza Agosti, wanajeshi walidai kijana mmoja kila nyumba. Baba yake, tajiri wa kutajika, akamtoa Dunstan, mtoto wa mpishi wake, akamtia mfukoni kadi ya chuo ya Clement na kusema, "Huyu ndiye mwanangu." Clement akapanda ndege kuja kusoma Amerika. Loo! Kuna watu hata kufa humtuma mtumishi.

Sasa maiti imerudi na jina la Clement. Turubai limefungwa uani, wageni wamejaa, na mama aliyemzaa marehemu yuko jikoni anawapikia. Amekatazwa hata chozi moja, maana wanajeshi wakijua ukweli watamrudia bwana.

Ezekiel alimburuta hadi kwenye simu. "Mwambie baba yako mama yangu alie. Ama nikuue hapa hapa, matanga yenu yawe ya kweli."

Clement akabonyeza namba, damu ikidondokea vitufe. Baba yake alifoka, "Una kichaa? Nyumba imejaa makapteni!"

"Papa, mwite mpishi kwenye simu. La sivyo nitawaambia mwenyewe kwamba niko hai."

Baba yake aliita jikoni. Kisha zikasikika kandambili zikija polepole. Ezekiel alizijua, akampokonya Clement simu.

"Mama, ni mimi, Ezekiel. Weka mwiko chini. Toka nje ukamlilie Dunstan kwa jina lake."

Kwa mbali watu walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani.

"Nitalia namna gani, mwanangu?" mama akanong'ona. "Wageni hawajakula bado."