Chini ya Sakafu ya Bafu

Mama alikuwa ameshasema hapana mara nyingi mno, hata bintiye akawa haisikii tena. Binti huyo nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo, na ndiye pekee aliyebaki na mama yake. Wakubwa zake walikuwa na miji yao; walipiga simu na kutoa ushauri. Lakini ushauri wa simu hauchoti maji.

Bafu lenyewe lilikuwa limechakaa. Saruji ilibanduka magamba, maji yalituama kwenye kona, na majuzi tu Mama aliteleza akaumia ubavu. Hapo Kitinda akaapa: sakafu ile itang'olewa, viwekwe vigae, vile vya kukwaruza visivyoteleza.

“Vigae!” Mama alifoka. “Sakafu ile baba yenu aliimwaga kwa mikono yake. Leo unaniletea sahani za kukanyagia?”

“Mama, utavunjika nyonga.”

“Nyonga ni yangu.”

Asubuhi fundi alipofika, Mama alijifungia chumbani kwake, akasusa hata chai.

Fundi alikuwa pande la mtu. Mtaa mzima ulimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo. “Mwili huu ndio tangazo langu,” alimwambia Kitinda akicheka. “Sakafu ikinibeba mimi, imebeba ukoo wenu wote.”

Akapiga magoti, akaanza kubomoa kwa nyundo na tindo. Kitinda alizoa vipande kwenye ndoo. Ukutani pembeni sakafu ilikuwa ngumu, ikalia ko, ko, ko. Bonge aliposogea katikati, mlio ukabadilika. Ukawa mzito, kama mtu anayebisha hodi kwenye pipa. Akapiga tena, na tindo ikamponyoka, ikazama sakafuni ikatoweka.

Wakatazamana. Kisha kutoka chini kabisa wakasikia: chubwi.

Kicheko kilimfutika Bonge usoni. “Dada,” alisema polepole, “weka ndoo chini. Rudi nyuma kwa nyayo zako. Usikimbie.”

“Kuna nini?”

“Hapa chini hapana udongo. Kuna shimo, na lina maji.”

Walitoka mmoja mmoja hadi ukumbini, huku Bonge akitambaa kama mtoto mchanga. Nyuma yake ufa mwembamba ulikuwa umeshaanza safari kutoka kwenye tundu kuelekea ukutani. “Nakwenda kutafuta magogo ya kuegemeza,” alisema akihema. “Asiingie mtu humo. Hata paka.”

Kitinda akaitikia kwa kichwa. Halafu akakumbuka. Bafu lile lilikuwa na mlango wa pili, uliofungukia chumbani kwa Mama.

Kabla hajafungua kinywa, komeo la upande wa pili likalia. Mama alisikia nyundo imenyamaza, akadhani wamekwenda kupumzika, naye akataka kuona walichoifanya sakafu ya mumewe. Akaingia na mkongojo wake.

“Mama, simama hapo hapo!”

“Usinipigie kelele, hapa ni kwangu.” Akapiga hatua, akapiga nyingine.

Sakafu ikatoa mlio kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Kipande kikubwa nyuma ya Mama, pale pale kwenye kizingiti alichotoka kukivuka, kikaporomoka. Harufu ya uozo ikapanda. Mama akageuka, akaona weusi mtupu.

“Kitinda,” aliita, kwa sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia.

“Nakuja, mama. Usisogee.”

Bonge alimkamata mkono. “Mimi nikikanyaga tumekwenda wote. Na wewe hukanyagi. Utalala.” Akaugeukia mlango wa ukumbini, akaung'oa pamoja na bawaba zake kama mtu anayechuma jani. Akaulaza juu ya sakafu, akausukuma hadi miguuni kwa Mama, ncha moja ikiegemea kizingiti imara cha ukumbini. Kitinda akalala kifudifudi juu ya ubao, akajivuta kwa viwiko. Bonge alikuwa amemshika vifundo vya miguu.

“Mama, piga magoti ubaoni.”

“Magoti yangu unayajua.”

“Basi kaa.”

“Nikikaa siinuki.”

“Nani kakwambia uinuke? Kaa, mama, kaa!”

Mama akaachia mkongojo, akajishusha kwa tabu, mkono mmoja begani kwa bintiye. Ubao ukalia. Vumbi likamwagika chini, wakalisikia likitua majini. Kitinda akamkumbatia mabega, mashavu yao yakagusana.

“Aliniambia amelijaza,” Mama alinong'ona.

“Nani?”

“Baba yako. Hapa palikuwa na choo cha shimo. Aliniapia amelijaza mawe mpaka juu.”

“Nishike shingo, mama. Fundi, vuta!”

Bonge akavuta. Walikuwa wamefika nusu ya njia, sakafu ilipoachia yote kwa mkupuo, kwa ngurumo iliyotikisa madirisha. Ubao ukainama, miguu ya Mama ikaning'inia hewani, kiatu kimoja kikaenda. Kitinda alifumba macho, akakaza mikono tu. Bonge alijitupa chali ukumbini kwa uzito wake wote, na wale wawili wakaburutwa juu ya kizingiti wakamwangukia tumboni.

Kisha Mama akaketi, akaitazama nafasi ilipokuwa sakafu.

“Muongo mkubwa we,” alimwambia marehemu. “Nimeoga juu ya uongo wako mpaka nimezeeka.” Akalia kwa kwikwi.

Kitinda hakuwahi kumsikia mama yake akimsema baba vibaya. Wiki nzima alikuwa akitaka ashinde ubishi ule. Sasa alikuwa ameshinda. Akamfuta mama yake vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

Shimo lilimeza malori ya mawe na kifusi. Likashindiliwa, zikalazwa nondo, likamwagwa zege, na Bonge hakugusa kigae hadi zege likakauka kabisa. Kila kigae alichokilaza alikigonga na kutega sikio. Kilicholia vibaya alikibandua, akakiweka upya.

Kazi ilipokwisha, Mama hakuingia. Alioga kwenye beseni chumbani. Kitinda hakumbembeleza wala hakumsukuma. Lakini asubuhi moja alimkuta amesimama mlangoni mwa bafu, mkono ukutani, mguu mmoja ukitaka na mwingine ukikataa.

Kitinda akapita mbele yake hadi katikati ya vigae. Akaruka. Akatua kwa kishindo, akaruka tena.

“Acha!” Mama alipiga kelele. “Acha, nasema! Mtu mzima unarukaruka kama chura!”

Kitinda akasimama, akihema. Chini yao palikuwa kimya. Mama alivitazama vigae, kisha akamtazama bintiye, akanyoosha mkono.

“Njoo unishike,” alisema. “Na usiniachie.”