Beseni Juu ya Antena

Mchoro wangu ulinipendeza kiasi kwamba niliubandika ukutani, juu ya kitanda. Ulihusu kituo kimoja tu cha vipimo: nguzo ya zege yenye antena kichwani, iliyojengwa uani kwa mama mmoja mjane. Antena hupokea ishara za setilaiti, nasi tunapata kujua bamba la dunia tunaloishi juu yake linasogea kiasi gani kwa mwaka. Mchoro ulionyesha jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika. Kila mvua iliponyesha, nguzo ile ilipanda milimita kumi hivi. Mvua ikikatika, inashuka.

Niliandika kwamba nimeiona ardhi ikivuta pumzi. Idara ikanipa nafasi ya kuwasilisha ugunduzi huo Jumatatu, mbele ya watu ambao majina yao nilikuwa nikiyasoma kwenye vitabu.

"Kabla hujasimama mbele yao," mwalimu wangu akasema, "nenda kakiangalie kituo kwa macho yako."

Nikaenda na fundi wetu wa mitambo, kaka mmoja ambaye ofisini tunamwita Skrubu kwa sababu akikushika kwa maneno hakuachii.

"Msomi," akaniambia garini, "hiyo ardhi yako inayopumua, haikoromi?"

"Cheka tu. Jumatatu utanipigia makofi."

"Nitapiga. Mradi kuwe na soda."

Mwenye nyumba, ambaye ofisini tulimjua kwa jina la Mama Nguzo, alitufungulia mlango mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kumwona mgeni wangu? Hajambo, anakula jua tu."

Alitupeleka uani, nami nikasimama nikishangaa. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imezungushwa mbali na nguzo, ingawa kwa kufanya hivyo nguo zilikosa jua la asubuhi. Mti uliokuwa karibu ulikuwa umekatwa matawi ya upande mmoja tu. Zege lilikuwa limefagiliwa mpaka kwenye kitako chake.

"Mliniambia ni kifaa cha thamani, nikitunze kama mtoto," akasema. "Basi miaka sita hakuna mpira hapa. Wajukuu wananuna, wananiambia bibi unampenda huyo mlingoti kuliko sisi."

Tulikuwa sebuleni tukinywa chai matone yalipoanza kugonga bati. Mama Nguzo aliacha sentensi katikati, akachomoka. Nilidhani anawahi nguo. Kumbe alizipita nguo zikilowa kwenye kamba, akapanda kigoda, akaifunika antena kwa beseni kubwa la plastiki, kisha akaweka tofali juu lisipeperuke.

Skrubu aliweka kikombe chini taratibu.

"Msomi," akanong'ona, "hayo ndiyo mapafu ya ardhi?"

Nilielewa palepale. Ishara zikipita kwenye plastiki iliyolowa huchelewa kidogo mno, na kompyuta, isiyojua habari za beseni, huhesabu kuchelewa huko kama kimo. Hakuna kilichokuwa kimepanda.

"Ukinyamaza, Jumatatu hakuna atakayejua," Skrubu akasema. Safari hii hakuwa akitania. Alinionea huruma.

Mama akarudi, maji yakimchuruzika usoni. "Mbona mnanitazama hivyo? Umeme na maji wapi na wapi!"

"Mama, huwa unaifunika kila mvua?"

"Kila mvua. Hata siku tunamzika shemeji yangu nilimwomba jirani aje afunike."

Nikafungua kompyuta magotini. Niliziondoa siku zote za mvua, nikachora upya, safari hii si kimo bali mwendo wa pembeni ambao sikuwa nimeujali. Ukatokea mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hatuna kituo kingine chenye mstari safi namna ile, kwa sababu hatuna nguzo nyingine ambayo haijawahi kugongwa na mpira wala kufungwa kamba.

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya beseni. Akaipangusa mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Kwa hiyo nimewaharibia."

"Siku za mvua, ndiyo, mama. Lakini tazama siku nyingine zote. Nyumba yako imesogea sentimita kumi na tano tangu nguzo ijengwe."

"Imesogea! Na jirani anayelalamika kila siku kwamba ukuta wangu umeingia kwake?"

"Yeye naye amesogea, mama. Sote tumo."

"Haya, nani anatusukuma?"

Nikamwambia kwamba chini ya bamba letu kuna mwamba wa moto wenye kina cha karibu kilomita elfu tatu. Si uji, ni mgumu. Ila kwa joto lile, na kwa miaka mingi mno, hujongea: uliopata moto hupanda, uliopoa huzama, na mabamba ya juu husafiri pamoja nao. Na chini zaidi kuna chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa tufe la chuma kigumu lenye joto kama la uso wa jua.

"Kama unga wangu niliokanda," akasema. "Huo nao si maji, lakini uache mezani, utajilaza wenyewe."

Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi darasani.

Akatoka mvuani, akaliondoa beseni. Kisha akabaki barazani akiitazama antena ikilowa, kama mzazi aliyemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza.

Nikampigia mwalimu. "Ardhi haipandi. Ni beseni."

"Beseni?"

"La kufulia."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kwa upole, "Sasa Jumatatu una nini?"

Nikautazama mstari. "Nina bara zima, mwalimu. Linatembea, na kwa miaka sita sijaona siku hata moja liliposimama kupumzika."