Msiba Usio na Utani

Mwalimu Fausta alikuwa na watani mia nne na kumi na wawili, wote ndani ya kompyuta za Kelvin, mwenye duka la intaneti pale Kilosa mjini. Aliwajua kwa majina, akajua nani ana wivu, nani hajui kuweka nukta, nani anaandika akiwa amelewa. Ila ukimuuliza jirani yake wa nyumba ya tatu pale kijijini kwao, Ulaya, kajifungua mtoto gani, alikuwa anakutolea macho. Ndiyo mambo yenyewe hayo.

Msimwone mjinga. Kichwa alikuwa nacho, na kazi aliyoianzisha ilikuwa nzuri, nani atabisha? Mwaka elfu mbili na tano, intaneti ilipoingia Kilosa na wenzake wakawa wanakimbilia kutafuta wachumba wa Kizungu, yeye alifungua jukwaa la kutunga hadithi, akaliita Kijiwe cha Watani. Hadithi ni moja, watungaji ni wengi. Leo unaandika sehemu yako, kesho mtu wa Songea anaidaka, keshokutwa mwingine wa Mwanza anaipindua kichwa chini miguu juu. Sharti la kwanza alilitoa nyumbani kwao, kwenye utani wa koo: mtani anaweza kukutukana, kukukamatia kuku wako, hata kukucheka msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi na humo ikawa hivyo hivyo. Mtu akimuua mhusika wako uliyempenda, unacheka na kuendelea. Sharti la pili aliliandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA CHA KWELI, TUNATUNGA TU.

Ila utani aliouchukua ulikuwa nusu. Nusu nyingine aliiacha kijijini, kwa kuwa ilikuwa nzito kubeba. Maana mtani anayekucheka msibani ndiye huyo huyo aliyeamka alfajiri kukuchimbia kaburi. Ndiye anayeosha maiti, anateka maji, anapika ugali wa waombolezaji. Ataingia kaburini alale chali, agome kutoka mpaka apewe jogoo, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatiririka. Haki hiyo ameilipia kwa jembe.

Mtani wa kweli wa nyumba ya kina Fausta alikuwa Costancia, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alikuwa anapita kila jioni kumwona Bi Perpetua, mama yake Fausta, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imevimba.

"Wewe mchawi, bado hujafa tu?" Costancia alikuwa anaanza akiwa bado uani. "Watu tumeshanoa majembe!"

"Nife nikuachie wewe vyungu vyangu, mwizi mkubwa?" Bi Perpetua alikuwa anajibu, na siku hiyo angekula vizuri.

Fausta alikuwa anapenda kuwasikiliza. Alikuwa anachukua daftari, anaandika maneno yao kama yalivyo, na Jumamosi anapanda baiskeli, mwendo wa saa mbili hadi Kilosa, kuwapelekea watani wake wa jukwaani.

Sasa Jumamosi, jamani, ndiyo siku ya misiba. Watu wanakufa siku yoyote, lakini arobaini, matanga, kuweka msalaba, hayo yote yanasubiri Jumamosi. Wanawake wa Ulaya wanakutana na visu na sufuria zao, wanamenya ndizi, wanachambua mchele, wanajua nani kaja na nani hakuja. Hawaandiki popote, lakini hawasahau. Fausta alikuwa anapeleka kilo mbili za sukari Ijumaa jioni, anatoa pole mlangoni, basi. Alipokufa mume wa Costancia, mwezi wa tisa, alipeleka kilo tano. Siku ya mazishi yenyewe alikuwa kwa Kelvin, kwa sababu sehemu ya arobaini ya hadithi ilikuwa inatoka na mtungaji wa Dodoma alitaka kuiharibu.

Costancia hakumtukana. Sukari aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Angetukana ingekuwa afadhali, lakini Fausta hakuliona hilo wakati ule.

Mama yake aliliona. "Fausta mwanangu," alimwambia, "sukari haibebi jeneza. Mimi nitabebwa na nani?"

"Mama, usiongee mambo ya kufa."

"Mimi nitakufa hata nisipoyaongea. Nakuuliza nitabebwa na nani."

Fausta akacheka, akamwambia ana watu zaidi ya mia nne, nchi nzima, hata Maskati wapo. Akamtaja Isaya, kijana wa mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi, mwandishi hodari kuliko wote, bingwa wa utani, ambaye alikuwa anamwita "mwalimu wa Ulaya asiyejua baridi." Mikumi si mbali. Wale watu wangekuja, alisema. Na aliamini, maskini. Mtu anayekuandikia kila wiki kwa mwaka na nusu, anayejua ukicheka unaandikaje na ukikasirika unaandikaje, utaaminije kwamba hatakuja?

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye hadithi alikuwa na mhusika, bibi mmoja mkorofi, na ugonjwa wa mama yake ulipozidi alianza kumfanya na yule bibi augue. Mama akivimba miguu, bibi naye anavimba. Mama akisema usiku hakulala anasikia kifua kinagonga, Jumamosi maneno hayo yanasomwa Mwanza. Watungaji walimpenda yule bibi kuliko wahusika wote. Siku moja Fausta alimsomea mama yake sehemu nzima. Bi Perpetua alicheka mpaka akakohoa.

"Hao wanaonicheka," aliuliza, "wananijua?"

Fausta alimjibu kwamba wanampenda sana.

Mama alikufa Ijumaa alfajiri, mwezi wa tatu, mvua ikinyesha. Fausta alitoka uani akapiga kelele inavyopasa. Majirani wawili watatu walifungua milango. Katekista akaja. Walimu wenzake wakaja, wakakaa, wakaenda kufundisha. Lakini ile kuja ambayo watu hawahesabiki, wanawake wanaingia na kuni kichwani bila kuulizwa, wanaume wanatandika mikeka na kugawana kazi, haikuja. Saa mbili asubuhi alikuwa anauliza nani ataenda Kilosa kununua sanda, na kila mtu alikuwa anaangalia tope. Akaenda mwenyewe. Mfiwa anakwenda kujinunulia sanda kwa baiskeli! Tangu Ulaya iitwe Ulaya haijapata kutokea.

Njia nzima alikuwa analia na kupanga. Liwalo na liwe, watani wake watakuja. Alipokwisha kununua sanda na misumari aliingia kwa Kelvin, nguo zimelowa. Namba ya simu ya Isaya alikuwa nayo, lakini aliona aibu kumpigia mwanamume ambaye hajapata kumwona hata siku moja, amlilie. Na kule jukwaani ndiko kulikokuwa na watu wote. Akaandika mahali ambapo kila mtu angeona, kwenye hadithi yenyewe:

"Mama amefariki leo alfajiri. Tunazika kesho saa nane mchana, Ulaya, Kilosa. Nawaomba mje. Sina watu."

Akarudi na sanda imefungwa nyuma ya baiskeli.

Kesho yake Costancia alikuja. Nawaambia alikuja, kwa sababu mtani hafuti wajibu wake, hata umfanyie nini. Alikuja na wanaume watatu wa ukoo wake na wanawake wawili, jembe na koleo, ndoo na sufuria moja. Walichimba. Walimwosha Bi Perpetua taratibu, wakamvika, wakamchana nywele. Wakapika. Yote yaliyopaswa walifanya.

Ila walifanya kimya. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyevaa nguo za marehemu na kuigiza anavyotembea. Kaburi lilipokuwa tayari Fausta alisogea, akasubiri mmoja wao aruke ndani alale chali adai jogoo wake. Jogoo alikuwa ameshamfunga miguu, yupo pale chini ya mgomba. Wanaume wale walipanguza majembe, wakasimama kando, wakainamisha vichwa kwa heshima.

"Mama," Fausta alimnong'oneza Costancia, "mbona hamdai?"

"Tudai nini, mwalimu? Haya, tuzike, mvua inakuja."

Saa nane ikapita. Fausta alikuwa anaangalia barabara ya Mikumi. Kila pikipiki ikinguruma, moyo unamruka. Saa tisa katekista alikohoa, akasema haifai kumweka marehemu zaidi. Bi Perpetua, mwanamke aliyeishi kwa matusi ya watani miaka sitini na nane, alishushwa kimya kimya kama mgeni aliyekufa safarini. Watu wakanawa mikono, wakala kidogo, wakaaga vizuri. Usiku ule kwenye mkeka wa matanga alilala Fausta na shangazi mmoja kiziwi.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa Kelvin na hasira kifuani, amejiandaa kuwatukana wote. Akafungua. Kulikuwa na majibu themanini na saba.

Isaya ndiye aliyeanza: "Ala! Mtani, umemuua bibi yetu siku ya gulio? Nani ataacha vitumbua aje kuzika? Haya nakuja na mkeka wangu, nalala humo humo kaburini, sitoki mpaka nipewe jogoo na huyo binti yake mwalimu." Mwanamke wa Mwanza, Lilian, akadakia kwamba marehemu asifukiwe kabla hajamrudishia sufuria yake. Mwingine akaleta tarumbeta. Mwingine akamfufua bibi katikati ya mazishi, bibi akaketi, akauliza nani kachinja kuku wake. Wakaenda hivyo wiki nzima, wakashindana, wakaigiza mwendo wake wa miguu iliyovimba, wakamlilia kwa maneno ambayo Fausta mwenyewe asingeyapata. Msiba mzima, wenye kelele zote na vituko vyote ambavyo mama yake alistahili, ulikuwa pale.

Na Fausta alicheka. Ndiyo, alicheka, nisimfiche. Alicheka mpaka Kelvin akageuka kumwangalia mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Kisha akafika kwenye jibu la mwisho, la Isaya tena: "Hii ndiyo sehemu bora uliyowahi kuandika. Ile 'sina watu' imetumaliza. Umemuua vizuri, mtani. Endelea."

Umemuua vizuri. Alilisoma mara nne.

Akaandika: "Sikutunga. Ni mama yangu mzazi." Hazikupita dakika tano Isaya akajibu kutoka Mikumi: "Hahaaa! Na mimi nimekufa jana, nakuandikia toka kuzimu." Akaandika tena, akataja jina la mama yake, tarehe, kaburi lilipo. Wakamsifu kwa kujua kuipamba hadithi. Alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumpigia makofi. Mwingine akamkumbusha sharti la pili, kwa herufi kubwa.

Alitoka nje akapiga ile namba. Ndiyo kwanza aisikie sauti ya Isaya, sauti ya kijana mdogo, ya kupokea wageni.

"Isaya, mimi Fausta. Ni kweli. Nilimzika Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nakutazamia barabarani."

Fausta aliomba, aliomba kwa moyo wake wote, atukane. Aseme chochote, amwite mchawi, adai jogoo wake.

"Pole sana, dada," Isaya alisema. "Mungu amlaze mahali pema. Tunasikitika sana."

Dada! Mwaka na nusu hajamwita dada. Mtani hatoi pole ya namna ile, ile ni pole ya watu baki, ya kutoa na kuondoka. Isaya alipeleka habari jukwaani, na aibu ikawakamata wote. Jumamosi nyingine Fausta alikuta pole mia moja na kumi na sita zimepangwa juu hadi chini, zote zimenyooka, hakuna hata moja yenye mdomo wa utani. Kuanzia hapo hakuna aliyeandika tena. Ungeandika nini? Bibi wa hadithi alikuwa maiti ya mtu, na wote walikuwa wameichezea. Hadi mwezi wa nne kwisha, Kijiwe kilikuwa kimekufa.

Mwezi wa tano alifiwa jirani wa nyumba ya tatu, yule ambaye Fausta hakujua amezaa mtoto gani. Aliyekufa ni mtoto huyo huyo. Fausta hakwenda Kilosa. Aliamka kungali giza, akabeba kuni, kisu na sinia, akafika wakati wanawake ndiyo kwanza wanakaa kwenye mkeka kumenya ndizi. Costancia alikuwa katikati yao, amemaliza kumtukana mtu, wanawake wanacheka na kufuta macho. Walipomwona wakainamia ndizi zao.

"Shikamooni," Fausta alisema. Kisha akajikaza, akamgeukia Costancia kwa sauti ya juu. "Na wewe mchawi, umekuja kuzika au kuiba sufuria?"

Hakuna aliyecheka. Costancia aliinuka taratibu, akampokea kuni, akampokea sinia, akakitoa kile kisu mkononi mwake bila haraka. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta kwa kanga yake, akakiweka upande ule walikokuwa wamekaa mtendaji wa kata na wageni kutoka wilayani.

"Karibu ukae, mwalimu," alisema. "Usije ukachafua nguo."