Faili Zote Zimehamishwa

Yale maneno niliyaandika mimi. Nasema mapema, nisije nikaonekana nakwepa. Programu yetu ya kurushiana faili kutoka simu hadi simu ikimaliza kazi, huandika kwa rangi ya kijani: "Faili zote zimehamishwa." Mwenzangu ofisini, tunayemwita Hakimu kwa jinsi anavyopima kila neno, alinionya.

"Dada, hiyo 'zote' itatuponza. Mtu akituruhusu kuona picha chache, tunahesabu hizo chache tu. Nyingine hatujui hata kama zipo. Andika 'zile ulizoturuhusu'."

"Refu mno," nikamjibu. "Watu hawasomi, Hakimu. Usinichoshe."

Nina mdomo, najijua. Ikapita hivyo hivyo, watu wakaanza kuitumia.

Jumamosi moja asubuhi wifi yangu akanipigia, mke wa marehemu kaka. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuzike, mwaka mmoja na nusu.

"Wifi, nimeweza mwenyewe! Nimehamisha kila kitu kwenye simu mpya kwa ile programu yako. Ya zamani nimeshaifuta, nampelekea mama. Ila video sizioni, sijui zimekaa wapi. Njoo unionyeshe, na chai ipo."

Nikatoka mbio, maana nilijua kilichokuwa kwenye ile simu. Alikuwemo kaka yangu. Alikuwa fundi wa makochi, mtu wa maneno kuliko mimi, na wifi alikuwa akimrekodi kila alipoanza vituko vyake: akimwimbia binti yao, akigombana na sponji isiyoenea, akisimulia uongo mtupu kwa uso mkavu. Video arobaini na kitu. Binti alikuwa hajafikisha miaka miwili baba yake alipoanguka karakanani na asiinuke tena. Hakumbuki chochote. Baba anayemjua ni yule wa kwenye simu, na kila asubuhi havai viatu mpaka asikie sauti yake.

Nilimkuta wifi sebuleni, simu zote mbili mezani, binti chini anapanga vifuniko vya chupa. Nikafungua programu kwenye simu mpya. Faili nne. Mita ya umeme, risiti ya gesi, ukuta wenye unyevu, na kidole chake mwenyewe kilichoziba kamera. Chini yake, kijani: faili zote zimehamishwa.

"Wifi," nikasema polepole, "simu ilipokuuliza uiruhusu programu kuona picha zote au ulizochagua, ulibonyeza wapi?"

"Nilizochagua!" Alijibu kama mwanafunzi aliyefaulu. "Si wewe mwenyewe ulitufundisha siku ile tunakula hapa? Programu ikiomba picha, usiipe za maana, ipe za ovyo ovyo. Basi nikaipa za ovyo. Za baba yake huyu nikazificha, wasije watu wakachungulia. Nikajua kuhamisha itahamisha tu."

Ni kweli nilisema. Nilisema mdomo umejaa chakula, najionyesha mjuzi, na kaka akaniambia nipunguze kujidai.

"Nilisoma mara mbili kabla sijafuta," wifi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeanza kushuka. "Imeandika zote. Si imeandika zote, wifi?"

Nikachukua simu ya zamani. Ilikuwa nyeupe pee, inaniuliza nichague lugha. Nilihangaika nayo saa nzima nikijua fika ni kazi bure, kwa sababu simu za siku hizi ukishazifuta hazirudishi kitu, na nakala mtandaoni hakuwahi kuweka. Hilo nalo nilimkataza mimi. Nikampigia Hakimu. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakusema "nilikwambia". Alisema, "Pole sana, dada." Ningependa zaidi angenitukana.

Nikamwambia wifi ukweli. Hazipo, hazitarudi, na kosa ni langu, neno lile ni langu. Nilishindwa kumtazama. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akashika simu tupu kwa mikono miwili, akauliza tena na tena, "Hata moja?"

Halafu akainuka ghafla.

"Wifi! Wewe si alikuwa anakutumia sauti kila siku?"

Ni kweli! Kaka alichukia kuandika. Kila siku alinitumia sauti, na kila siku nilimjibu, "Andika, kaka, niko kazini." Nilikuwa nimeizuia simu yangu isipakue sauti, isije ikajaa. Nilijiambia nitamsikiliza nikipata likizo.

Nikatoa simu, nikapandisha meseji juu, juu zaidi. Zilikuwepo! Zimejipanga, kila moja na muda wake. Sekunde tisa. Sekunde arobaini. Dakika mbili. Wifi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akambeba binti, akampakata kati yetu kwenye kochi.

"Tulia mama, umsikie baba."

Nikabonyeza ile ya dakika mbili. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Nikabonyeza ya sekunde arobaini. Nikabonyeza ya tisa. Nikabonyeza zote, na kila moja ikatoa maneno yaleyale. Nilitaka kuificha simu, lakini wifi alikuwa ameshainama, anasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyomsomea mwanawe vitabu.

"Faili hii haipatikani tena. Mwombe aliyeituma akutumie upya."

Binti akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Haya, shangazi," akasema. "Mwombe."